Stroberi za Juni katika kihamba cha baridi: namna ya kuzipanda na kuzitunza kwenye miinuko ya Moshi

Mtu anayeishi Kibosho, Machame au Marangu, au upande wa Meru kule Ng'iresi, anaujua vizuri mwezi wa Julai: ukungu hukaa juu ya migomba mpaka saa nne asubuhi, nguo hazikauki, na wazee hawaondoki jikoni. Baridi hiyo tunayoilalamikia kila mwaka ndiyo mtaji mkubwa wa mtu anayetaka kulima stroberi katika kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu nimewaona majirani wengi wakipanda mmea huu kama wanavyopanda mchicha, wakakata tamaa, wakasema kwamba stroberi ni zao la Wazungu. Si hivyo. Ni zao la watu wenye usiku wa baridi na mikono yenye subira, na sisi wa milimani tunavyo vyote viwili.

Kwanza tuelewane kuhusu aina. Stroberi za bustani ziko za namna mbili kubwa. Zipo zinazotoa maua kidogo kidogo karibu mwaka mzima bila kujali urefu wa siku, mfano wake ukiwa Albion, na zipo zinazozaa kwa mkupuo mmoja, matunda mengi kwa wiki chache, kisha zikanyamaza. Hizi za pili ndizo ziitwazo stroberi za Juni, kwa sababu katika nchi za kaskazini kama Uingereza na Kanada huiva mwezi huo. Kule mmea hutunga machipukizi ya maua siku zinapoanza kuwa fupi na baridi kuingia, hulala wakati wa theluji ukiwa umefunikwa kwa nyasi kavu, kisha huchanua joto linaporudi.

Hapa kwetu, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki dakika 30 kwa mwaka mzima. Stroberi za Juni huhesabu siku kuwa ndefu pale mwanga unapozidi saa 13 au 14, na sisi hatufiki huko hata Desemba. Maana yake ni kwamba kwa mmea huu siku zetu zote ni fupi, na kinachobaki kuamua kama utachanua au hautachanua ni joto. Joto likizidi nyuzi 28 au 30 kwa siku nyingi mfululizo, mmea huacha kutunga maua na badala yake hutoa majani na mikono inayotambaa. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15, maua hutungwa kwa wingi. Ndiyo sababu mche uleule unaojaa matunda Kibosho huweza kukaa Moshi mjini, mahali palipo chini ya mita 1,000, ukawa kichaka kizuri cha kijani kisicho na tunda hata moja. Kwa kila mita 100 unazopanda mlimani, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kwa maoni yangu, anayeishi chini ya mita 1,200 asihangaike na stroberi za Juni. Achukue zile za mwaka mzima na azipande penye kivuli cha mchana.

Katika aina za Juni, ninayoipendekeza kwa moyo mmoja ni Chandler, ambayo ilitolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983. Imezaliwa katika nchi yenye baridi ya wastani, kwa hiyo haidai majira marefu ya theluji ili iamke, na hilo ni jambo kubwa kwetu, kwa kuwa aina zilizozoea baridi kali ya kaskazini huweza kuota hapa lakini zikabaki zimedumaa. Nunua miche kwa mtu anayeweza kukuonyesha mama yake shambani. Usianze na mbegu zilizokamuliwa kutoka kwenye tunda la sokoni, kwa sababu mche wa mbegu haufanani na mzazi wake, na utapoteza mwaka mzima kabla hujajua umepata nini.

Mahali pa kupanda

Tatizo kubwa la kihamba ni kivuli. Tumezoea kuweka kila kitu chini ya migomba, na kahawa imetufundisha kwamba mmea unaweza kuishi vizuri hapo, lakini stroberi inahitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita mpaka nane. Kwa mahali penye ukungu wa asubuhi kama kwetu, saa hizo huanza kuhesabiwa kuanzia saa nne au saa tano, na ukiongeza kivuli cha mparachichi alasiri hutabakiwa na kitu. Tafuta ukingo wa kihamba, karibu na mimea ya masale iliyopandwa mpakani, au sehemu ya mbele ya nyumba inayotazama kaskazini. Ninasema kaskazini kwa sababu wakati wa Juni na Julai jua letu hupita upande huo, na ukuta wa nyumba ukiwa kaskazini mwa tuta utalifunika tuta hilo katika miezi ileile unayolihitaji jua.

Jambo la pili ni historia ya udongo, na hapa ninaomba usome polepole, kwa sababu ndipo nilipoumia mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda miche 40 mahali palipokuwa na nyanya msimu uliotangulia. Udongo ulikuwa mweusi na laini, nikauona ni bahati. Miche ilishika vizuri kwa wiki kadhaa, kisha nikaanza kuona jambo ambalo sikulielewa: majani ya nje, yale makubwa na ya zamani, yalilegea na kugeuka rangi ya kahawia kuanzia pembeni na katikati ya mishipa, wakati majani madogo ya katikati yalibaki ya kijani ingawa hayakukua. Nilidhani ni kiu, nikamwagilia zaidi, na miche ikaendelea kufa mmoja baada ya mwingine mpaka nikabakiwa na kumi na mmoja. Huo ni mnyauko unaoletwa na kuvu wanaokaa udongoni, na kuvu hao huzaliana kwenye nyanya, viazi mviringo, bilinganya na pilipili. Wanaweza kungoja ardhini kwa miaka mingi. Kwa hiyo usipande stroberi mahali palipolimwa mazao hayo katika miaka minne iliyopita, na usiyachanganye nayo katika tuta moja. Palipolimwa mahindi, vitunguu au kabichi hapana shida, na maharage pia ni salama.

Udongo wetu wa volkano ni mzuri kwa mmea huu, kwa kuwa unapitisha maji na una uchachu wa wastani. Stroberi hupenda pH, yaani kipimo cha uchachu, kati ya 5.5 na 6.5. Nataka kuonya juu ya majivu. Tuna desturi ya kumwaga majivu ya jikoni bustanini kama mbolea na kama kinga ya wadudu, lakini majivu hupunguza uchachu wa udongo, na yakizidi majani mapya ya stroberi hugeuka ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani, dalili kwamba mmea umeshindwa kupata madini ya chuma. Tuta la stroberi lisipewe majivu kabisa.

Tengeneza tuta lenye upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 20 mpaka 30, na uache njia ya sentimita 50 kati ya tuta na tuta. Kimo hicho si mapambo. Masika ya mlimani ni mvua ya siku nyingi mfululizo, na mizizi ya stroberi, ambayo sehemu kubwa haizidi sentimita 30 kwenda chini, huoza upesi ikisimama kwenye maji. Changanya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nusu debe mpaka debe moja kwa kila mita ya mraba, wiki tatu kabla ya kupanda. Samadi mbichi kutoka zizini isitumike, kwa sababu huunguza mizizi na huleta magugu, na hata iliyooza isizidi kiasi hicho: mmea ukishiba mbolea ya kukuza majani hunenepa, matunda hulainika, na ukungu hupata makao.

Kupanda, na suala la shingo

Wakati ninaoupendekeza ni mwishoni mwa masika, kuanzia wiki ya mwisho ya Aprili mpaka mwisho wa Mei. Mvua hukusaidia kuishikisha miche, baridi ya Juni mpaka Agosti huikuta ikiwa na mizizi ya kutosha, maua ya maana hufunguka kuelekea Agosti, na matunda huiva Septemba na Oktoba, wakati wa ukavu kabla ya vuli. Mpangilio huu una faida ambayo watu wa nchi za kaskazini wangeitamani: tunda lako linaiva wakati mvua haipo, na mvua juu ya tunda lililoiva ni adui kuliko ndege wote.

Panda mistari miwili katika kila tuta, sentimita 40 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya mche na mche. Tuta la urefu wa mita 5 hubeba miche 32 kwa kipimo hicho. Familia ya watu watano itakula na kugawia jirani, kwa sababu mche mmoja uliotunzwa vizuri hutoa kati ya gramu 200 na 500 kwa msimu.

Sasa shika mche mmoja mkononi kabla hujaupanda, na uutazame karibu. Chini kuna mizizi, juu kuna majani yenye vikonyo virefu, na kati yake kuna kipande kifupi na kinene, kama kidole gumba cha mtoto, ambacho mimi hukiita shingo. Ukitenga majani kwa vidole utaona katikati ya shingo hiyo, upande wa juu, kichipukizi kilichojikunja kama ngumi ndogo, cha kijani chenye wekundu kidogo. Uhai wote wa mmea uko hapo. Majani yote na maua yote yatatoka hapo. Udongo unatakiwa ufike nusu ya shingo, mizizi yote iwe imefunikwa na kichipukizi kiwe nje kabisa. Ukikifukia, maji hukusanyika juu yake na kinaoza katika muda wa wiki mbili. Ukiuacha mche juu mno, mizizi ya juu hukauka na mche hubaki umesinyaa hata ukimwagiliwa kila siku.

Chimba shimo lenye kina cha kutosha mizizi ining'inie wima bila kukunjwa, weka kichuguu kidogo cha udongo katikati, tandaza mizizi juu yake, rudishia udongo na ubonyeze kwa ngumi. Kisha mwagilia, na hapa wengi huondoka wakidhani kazi imekwisha. Rudi baada ya siku tatu. Udongo mpya hushuka ukishalowa, na utakuta baadhi ya shingo zimezama na nyingine zimeinuka. Zirekebishe moja moja kwa kidole. Kazi hiyo ya nusu saa huokoa miche mingi kuliko dawa yoyote utakayonunua baadaye.

Panda alasiri jua likiwa limepungua, au siku ya mawingu.

Wiki sita za kwanza zinahitaji ukali wa moyo. Mche mchanga huwahi kutoa maua, hasa ukikutwa na baridi, nayo yanapendeza sana, meupe yenye jicho la njano. Yakate yote. Kata pia mikono inayotambaa. Mche unaoruhusiwa kuzaa kabla haujajenga mizizi hutoa matunda matatu madogo na kuchoka, na nimewahi kubishana na mama mkwe wangu juu ya jambo hili, maana kwake kukata ua ni sawa na kumwaga chakula. Nilimwachia miche mitatu asiyoikata. Ilipofika Septemba alikuja mwenyewe kuilinganisha na mingine, akasema, "Mwanangu, mwakani nitakata na mimi."

Maji, matandazo na maadui

Baada ya mvua kukoma, stroberi inahitaji lita 25 za maji hivi kwa kila mita ya mraba kwa wiki, na tunda linapoanza kunenepa usiruhusu udongo ukauke kabisa. Gawa maji hayo mara mbili au tatu. Mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, si juu ya majani. Mwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, asifungulie maji yapite juu ya tuta, kwa sababu yatabomoa udongo na kuzika shingo; ayaelekeze kwenye njia kati ya matuta au ayachote kwa ndoo. Wasomaji wa tambarare zilizo chini ya Meru wawe waangalifu na maji ya visima, ambayo mahali pengi kule yana floridi na chumvi nyingi. Stroberi ni miongoni mwa mimea inayoumizwa upesi na chumvi, na dalili yake ni kingo za majani kuungua na kuwa kahawia. Kwao maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki ni bora.

Matandazo ni ya lazima, kwa kuwa tunda linaloegemea udongo uliolowa huoza upande mmoja. Kule kaskazini hutandaza nyasi kavu ili kuukinga mmea na barafu. Sisi hutandaza ili kulinda tunda na kuhifadhi unyevu. Kitu cha kwanza kinachotujia mkononi ni majani makavu ya mgomba, nami niliyatumia kwa miaka miwili. Siyashauri tena, walau si yakiwa mazima. Ukilifunua jani la mgomba asubuhi na mapema utakuta konokono wasio na kombe wamelala chini yake, wanene na wenye kuteleza, na juu ya matunda utaona mashimo ya mviringo yenye utepe wa ute unaong'aa. Maganda ya mpunga ni bora zaidi. Mashine za kukobolea mpunga unaolimwa Moshi chini hutoa maganda mengi, hayashiki maji, na konokono hawapendi kutembea juu yake. Yatandaze kwa unene wa sentimita 4 au 5, lakini yasiguse shingo.

Konokono waliobaki huwindwa. Weka ubao juu ya njia jioni, uufunue alfajiri, uwaokote. Au fukia kibakuli mpaka ukingo wake ulingane na udongo, ukijaze mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha. Harufu ya hamira huwavuta na huzama humo.

Ukungu wa kijivu ndio ugonjwa utakaouona mara nyingi kuliko mingine. Huanza kama doa laini la kahawia, kisha tunda lote hufunikwa na manyoya ya kijivu, na ukiligusa hutoa vumbi. Vumbi hilo ndilo mbegu ya ugonjwa. Okota kila tunda lenye ukungu, hata ambalo halifai kuliwa, na ulitoe nje ya bustani siku hiyohiyo. Acha nafasi ya upepo kati ya miche kwa kuondoa majani yaliyozeeka. Ukavu unapozidi mwezi Septemba, geuza majani uangalie upande wa chini: ukiona vidoti vya njano juu na utando mwembamba chini, hao ni utitiri, na mara nyingi kuyaosha majani kwa maji yenye nguvu upande wa chini asubuhi, siku tatu mfululizo, hutosha kuwapunguza. Ninasita sana kupendekeza dawa za sumu kwa tunda linaloliwa na ngozi yake, tena mara nyingi na watoto wanaolichuma wenyewe.

Kwa ndege, hasa shore, tumia neti ya matundu makubwa iliyoinuliwa kwa fito. Ifunike matunda yanapoanza kubadilika rangi, si wakati wa maua, kwa sababu nyuki wanatakiwa waingie. Tunda la stroberi hukua pale tu vijimbegu vyake vya nje vilipochavushwa; tunda lililopinda, lenye upande mmoja mnene na mwingine uliosinyaa wenye vijimbegu vilivyobanana, kwa kawaida ni tunda ambalo nyuki hawakulitembelea vya kutosha. Kwa sababu hiyohiyo chandarua chenye dawa kisitumike, maana dawa yake huua nyuki.

Kuchuma, na kazi ya baada ya mavuno

Tangu ua kufunguka mpaka tunda kuiva huchukua mwezi mmoja hivi, na kwenye baridi zaidi huongezeka siku kadhaa. Stroberi haiongezi utamu ikishachumwa, kwa hiyo usidanganywe na wekundu wa mbele. Inua tunda utazame mabegani, pale chini ya majani madogo ya kichwani: pakiwa bado peupe, liache siku moja au mbili. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kwa kukata kikonyo kwa kucha na kuacha kipande kidogo, bila kulivuta wala kuliminya tunda. Pita kila baada ya siku moja. Tumia chombo kipana na kifupi, matunda yasipangwe zaidi ya tabaka mbili, na yasioshwe mpaka wakati wa kula. Bila jokofu hudumu siku moja, nyumba ikiwa ya baridi siku mbili; anayetaka kupeleka soko la Mbuyuni achume alfajiri na afike sokoni kabla ya saa tatu, na katika safari hiyo umande utamlazimu ayapanguse kwa kitambaa kikavu.

Mavuno yakiisha mwishoni mwa Oktoba, mmea huonekana umechoka, na wengi huutelekeza hapo. Ndio wakati wa kuufanyia kazi. Kata majani yote kwa kisu kikali, ukiacha sentimita 3 juu ya shingo bila kuigusa, uyatoe nje ya bustani pamoja na magonjwa yaliyomo. Ng'oa magugu, weka mboji kidogo kuzunguka kila mche, umwagilie. Mvua za vuli zitakuta shina safi na ndani ya wiki tatu utaona majani mapya.

Joto la Desemba mpaka Februari huamsha mikono inayotambaa, na safari hii usiikate yote. Chagua mama wachache wenye afya, waliozaa vizuri, na uwaachie kila mmoja mikono miwili au mitatu ya mwanzo. Pale mkono unapotoa kifundo chenye majani, weka chini yake kimfuko cha udongo wa kitalu, ukishikize kwa kipande cha waya kilichopindwa, na ukate mkono baada ya wiki nne kikishakuwa na mizizi. Mikono inayotoka mbele zaidi, kwenye mche wa pili na wa tatu, huwa dhaifu, itupe.

Mama mmoja hutumika kwa misimu mitatu. Baada ya hapo matunda huwa madogo kama punje za karanga na magonjwa huongezeka, kwa hiyo mwaka wa tatu andaa tuta jipya mbali na la zamani, ulipandishe miche uliyoikuza mwenyewe mwishoni mwa masika, na tuta la zamani ulipe maharage.